Taa wa Mchangani na Watoto Wetu

Akina mama wenzangu, bamvua lifikapo na maji kupwa hadi mwambani, wanawake na watoto huteremka na michokoo yao kutafuta pweza. Safari hii binti yangu ameomba kufuatana na shangazi zake. Nimemridhia, lakini kwanza nimemfundisha habari za taa, kama nilivyofundishwa na bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Taa ni samaki bapa aishiye chini kabisa: penye mchanga, matope, majani ya bahari na kando ya mikoko. Maji yajaapo huingia ufuoni kutafuta riziki yake ya kaa, kamba na minyoo, kisha hurudi yanapopwa. Akitaka kupumzika hupiga mapezi, mchanga ukamfunika, yakabaki macho mawili na vitundu viwili nyuma yake. Kwa vitundu hivyo huvuta maji ya kupumulia, kwa kuwa kinywa chake kimeelekea chini.

Si samaki mgomvi. Mwiba wa mkiani, wenye meno ya msumeno na sumu, ni ngao yake akanyagwapo. Ndiyo maana bibi akituusia, "Mjukuu wangu, mchangani usinyanyue mguu, uburute." Taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe.

Mwaka jana kijana wa mtaani kwetu alichomwa kisiginoni, na kilio chake tulikisikia nyumba ya tatu. Aliyechomwa mguu autie katika maji ya moto kiasi cha kustahimilika, nusu saa au zaidi, maumivu yapungue. Maji hayo ayapime mtu mwingine, asije mgonjwa akajiunguza. Kisha apelekwe hospitali, kwani vipande vya mwiba huweza kubaki ndani. Uliochoma kifua au tumbo usichomolewe nyumbani.

Lipo na jingine. Taa hatagi mayai. Huzaa watoto hai, tena wachache. Kabla hawajazaliwa huwalisha tumboni kwa majimaji mazito mfano wa maziwa. Ni nani kati yetu asiyeijua kazi hiyo? Avuliwapo mja mzito, kizazi chake hupotea naye, na azaaye kidogo huchelewa kuongezeka. Vya baharini tumehalalishiwa, na taa mkavu wa nazi twampenda, lakini tumehimizwa pia kuepuka israfu.

Basi tuwafundishe watoto yote mawili: kujikinga na mwiba wake, na kumwachia nafasi ya kuzaa. Wabillahi tawfiq.