Petroli Iliyopotea Usiku

Naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze wenzangu habari ya pikipiki yangu, maana najua wengi mnazo za namna hiyo.

Ni Honda CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ambayo wenye viwanda wa China wameiiga sana, hata nyingi za pikipiki tuzionazo njiani leo ni kama watoto wake. Niliinunua Muheza nilipokuwa nikifundisha huko, nayo ilikuwa imekwisha kutumika miaka mingi. Nilipohamia Lushoto ikaanza ukaidi. Asubuhi haikuwaka mpaka niipige teke mara nyingi, na ilipowaka ilitoa moshi mweusi; plagi nayo niliikuta imelowa, nyeusi kama sufuria ya kuni. Tena petroli ilikwisha upesi.

Kwanza niliulaumu mlima. Lushoto ni yapata meta 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Muheza. Injini hutaka karibu ratili 15 za hewa kwa ratili moja ya petroli; hewa ikiwa haba, petroli huzidi. Jambo hili ni kweli, lakini mlima haunywi petroli usiku. Basi baada ya mlima nikamlaumu mtoto wa dada yangu.

Kijana huyu alikuwa akikaa kwangu, naye hupenda pikipiki kuliko kitabu. Asubuhi moja nilikuta tangi limepungua sana, na jioni yake nililijaza mwenyewe. Nikamwita mbele ya watu wote wa nyumbani.

"Umeipanda usiku?"

"La, Mjomba, sikuigusa."

"Basi umeuza petroli kwa vijana wa njia panda."

Akanyamaza, akatazama chini. Nami, kwa kuwa nimezoea kusoma nyuso za wanafunzi, nikakuhesabu kunyamaza kule kuwa ungamo. Nikamwambia kwamba mwisho wa mwezi atarudi kwa mama yake.

Siku ya pili yake niliangusha ufunguo, nikainama kuutafuta, nikasikia harufu ya petroli mchangani chini ya injini. Nikatazama juu. Kwenye ncha ya bomba dogo linaloning'inia chini ya kabureta palikuwa na tone. Likaanguka. Nikangoja kidogo, likaja jingine.

Kabureta ina kikombe chini yake, na ndani ya kikombe mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma kisindano kizibe tundu la kuingilia. Ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Kisindano kisipoziba barabara, petroli hupita kiasi: nyingine huingia injini, ndiyo iliyolowesha plagi yangu, na nyingine humwagika kwa bomba lile. Tena mimi, kwa uvivu tu, sikuwa nikifunga bilula ya tangi usiku.

Nikafunga bilula, nikaisukuma pikipiki mbali na jiko, nikamwita kijana anishikie bakuli. Hakuuliza neno. Ndani ya kikombe tulikuta tope jekundu, kutu ya tangi. Boya nililitikisa sikioni. Kama lingalikuwa limetoboka ningalisikia petroli ndani yake, lakini lilikuwa zima. Kisindano kilikuwa na alama ya duara nchani, kama kidole kilichovaa pete miaka mingi. Tukakiosha, tukakirudisha. Kisha kijana akageuza kabureta juu chini, boya likikalia kisindano kwa uzito wake, akapuliza kwa mdomo katika njia ya petroli.

"Mjomba," akasema, "pumzi inapita."

Nikanunua kisindano kipya kwa bei ndogo. Akapuliza tena, pumzi ikakwama. Vitundu vya petroli tulivisafisha kwa kupuliza tu. Asithubutu mtu kutia waya wa chuma, maana ukikipanua kitundu hukirudishi tena. Tangi tukalisukasuka mpaka kutu ikatoka, na katika bomba la petroli tukatia kichujio. Oili ya injini ilinuka petroli, nikaimwaga yote nikatia mpya. Jambo hili wengi hulisahau, nayo oili iliyochanganyika na petroli hula injini kimyakimya.

Pikipiki ikawaka kwa teke la pili. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kabureta, nami niliiahirisha siku tatu. Jioni ya tatu nikawakusanya watu wale wale wa nyumbani, nikasema kwamba nilimsingizia kijana wizi, na kwamba haondoki.

Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mjomba, siku ile nilinyamaza kwa kuwa niliiendesha mara moja, mwezi uliotangulia, mpaka kisimani na kurudi."

Dada yake mdogo akacheka kwanza, kisha sote. Sasa yeye ndiye afungaye bilula kila jioni.