Kuku Wenu Wanaoga Wapi?

Mashoga zetu wa Unguja na Pemba, na maharusi wote mliokwisha kuingia kwenye singo na mnaohesabu siku, leo tunakuleteeni habari za kuku, tena kuku wa bara, huku Tunduma mpakani na Zambia, mkoa wa Songwe. Sisi ni wawili, wifi kwa wifi. Mmoja aliletwa huku na ndoa kutoka Unguja, mwingine ni mzaliwa wa hapa hapa na harusi yake ni Mfunguo Mosi inshallah. Tunashona pamoja, tunapika pamoja na kuku tunafuga pamoja, kwa hiyo tuvumilieni tukisema "sisi" mwanzo hadi mwisho. (Na kabla hamjauliza: ndiyo, karibu na mji huu kuna mahali panaitwa Mpemba. Halua hakuna, tumeshatafuta.)

Kuku tulianza nao kumi na mbili wa kienyeji, matetea kumi na moja na jogoo mmoja. Nia ilikuwa cherehani. Bibi harusi wetu alitaka kuingia nyumbani kwake na cherehani aliyoinunua mwenyewe, si ya kuahidiwa na mume, maana cherehani ya kupewa hutajwa siku ya ugomvi. Pesa ya mayai tukaitia kwenye kopo la maziwa, na tukaapa hata chumvi haitonunuliwa kwa pesa ile.

Sasa mvua za huku zikianza Novemba haziachi mpaka Aprili, na udongo ni mwekundu, unanata. Mteja analeta kitambaa cheupe cha nikaha anaondoka na alama ya matope. Mvua zilipokatika tukasema basi, tukamwaga saruji uani kote, mpaka ndani ya banda la kuku. Viota tukavitandika mabaki ya vitambaa, shifoni na pamba, vikapendeza kama vitanda vya maharusi. Ua tukaufagia asubuhi na jioni. Mwanamke wa pwani hujulikana kwa ua wake, na mmoja wetu alikuwa bado anajitafutia jina kwa wakwe.

Mwezi wa sita mambo yakaharibika. Mayai yalikuwa matano, siku nyengine sita, yakashuka hadi moja. Migongo ikaanza kunyonyoka. Halafu tukaona jambo la kutisha: tetea amelala ubavu juu ya saruji, anapiga mateke, anafungua bawa na kulifunga, anasugua kichwa sakafuni kama mwenye degedege. Kesho yake wengine watatu. Tukasema huu ni kideri, ijapokuwa chanjo tuliwapa, ile ya tone la jichoni. Tukakimbilia duka la dawa za mifugo, muuzaji hakuuliza hata swali moja, akatuuzia dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa. Pesa ikatoka kwenye kopo. Haikusaidia kitu.

Kisha likatujia wazo letu wenyewe, na hili hatuna wa kumlaumu. Tukasema labda ni uchafu. Tukapasha maji, tukatia sabuni, tukawaosha kuku mmoja mmoja jioni baada ya kazi. Tulisahau tuko wapi. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni unavaa sweta na shuka juu yake. Asubuhi matetea wawili walikuwa wamekauka. Mmoja ndiye aliyekuwa akitaga kila baada ya siku moja bila kukosa. Bibi harusi alilia, na hakuwa analilia kuku.

Wiki ile ile akaja Mama kutoka kijijini kwa ajili ya mazungumzo ya harusi. Mzazi kwa mmoja wetu, mkwe kwa mwengine. Ua tuliufagia mara tatu siku ile. Akaketi, akanywa chai, akawatazama kuku kwa muda mrefu. Tukajua sasa tutasemwa. Akauliza:

"Wanangu, kuku wenu wanaoga wapi?"

Tukamwambia, Mama, tuliwaosha, na wawili wamekufa. Akatutazama kama anayetafuta maneno ya kutokuumiza mtu. "Kuku haogi maji," akasema.

Akamshika tetea, akampindua, akapanua manyoya chini ya mkia. Chawa walikuwa wakikimbia, na mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya kama chembe za sukari. Wale waliokuwa wakipiga mateke juu ya saruji hawakuwa na degedege. Walikuwa wanaoga. Mwili uliwatuma, wakalala wakachota, na cha kuchota hakikuwepo. Baadaye tulisoma kwenye simu kwamba wataalamu wameliona hilo hilo kwa kuku wa vizimba vya waya, wanaoga hewa tupu, na kwamba nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku vizimba vitupu tangu mwaka 2012. Kuku lazima apate cha kuchakura. Sisi tulikuwa tumewatengenezea wetu kizimba cha saruji kwa mikono yetu, tukakifagia mara mbili kwa siku.

Na sisi ndio tuliofundishwa tayammamu chuoni tungali wadogo! Kwamba vumbi nalo husafisha tulilijua, hatukulifikisha tu kwa kuku.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Kuku ana tezi ya mafuta juu ya mkia, huyachukua kwa mdomo na kujipaka manyoya. Mafuta yakizidi, manyoya hugandana na wadudu hupata kwao. Vumbi kavu huyanyonya yale mafuta ya ziada, huingia mpaka kwenye ngozi, na kuku akijikung'uta vumbi huondoka na wadudu. Maharusi mnaielewa hii kuliko mtu yeyote. Ni singo.

Bafu lenyewe lilitugharimu karibu bure, maana Tunduma ni mji wa malori. Kwa fundi pancha kuna matairi yaliyochoka hajui pa kuyapeleka. Tukachukua moja kubwa la lori, akatukatia ukingo wa juu kuku asihangaike kuingia. Tukalilaza kwenye kona inayopigwa na jua la mchana, mbali na vyombo vya maji. Ndani tukajaza udongo kina cha kama futi moja. Tulipima kwa futi kamba ya kushonea, mazoea hayo. Ndoo mbili za udongo mkavu uliochekechwa mawe, ndoo moja ya mchanga laini, nusu ndoo ya majivu ya mkaa yaliyopoa kabisa. Majivu msizidishe, vumbi lake ni jepesi mno na kuku ana kifua kama sisi. Na msichukue ya jaa lililochomewa plastiki, wala msifikirie kutia saruji au chokaa.

Siku ya kwanza hawakuligusa. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, tetea mmoja akaingia, akachakura, akalala, akaanza kujirushia udongo chini ya mabawa. Kisha akanyooka na kutulia, macho yamefumba, mguu mmoja juu. Tukajua tumeua mwengine. Baada ya kitambo akasimama, akajitikisa, wingu la vumbi likaenda moja kwa moja kwenye baibui lililokuwa limeanikwa. Kwa hiyo na hilo tuliseme: pima upepo kabla hujachagua kona.

Lakini msidanganyike kwamba vumbi peke yake linatosha kuku wakishafika pale walipofika wetu. Mama alisema bafu ni la kuzuia, si la kutibu waliojaa. Tulinunua unga wa dawa ya wadudu wa kuku, safari hii duka jengine ambako tuliulizwa maswali, tukawapaka chini ya mabawa na chini ya mkia, tukarudia baada ya siku kumi kwa ajili ya waliototolewa nyuma yetu. Mayai ya siku hizo hatukula wala kuuza. Fito za kulalia tukazimwagia maji ya moto. Vile vitanda vya shifoni tukavichoma, mkunjo wa kitambaa ni nyumba ya utitiri. Sasa viota ni nyasi kavu, tunabadilisha.

Novemba ikatukuta hatujajiandaa. Mvua ya kwanza ilijaza tairi, majivu yakawa uji, na majivu yaliyorowa yanachoma ngozi. Tukatupa kila kitu. Tukasimamisha vijiti vinne na kipande cha bati juu, na udongo mkavu tukaweka akiba kwenye magunia mawili ndani ya banda. Tungefanya hivyo Septemba, udongo ukiwa bado mkavu, tusingeuanika jikoni kwenye sinia huku majirani wakiuliza tunapika nini.

Mayai yamerudi, manne, siku nyengine matano, kutoka kwa matetea tisa. Cherehani tumeilipia nusu. Iko dukani, imefunikwa kitambaa chetu. Na nyuma ya nyumba kuna tairi la pili, limeoshwa, linasubiri gari la vyombo vya bibi harusi, kati ya kabati na masufuria. Mama wa bwana harusi ameshapiga simu kuuliza ni la nini.