Kutoka Kanisani hadi Gatini: Kutwa Moja George Town

Saa mbili asubuhi jua la Penang, Malaysia, lilikuwa limeshapanda na shati limeshanigandia mgongoni. Mbele yangu palisimama Kanisa la St. George, jengo jeupe la nguzo nene lililokamilika mwaka 1818. Uwanjani mwake kuna kibanda chenye kuba, ukumbusho wa Francis Light, nahodha wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki aliyekitwaa kisiwa hiki mwaka 1786. Aliyekitoa ni Sultani wa Kedah, naye alitarajia kulindwa dhidi ya majirani zake. Ulinzi hakuupata.

Kanisa limekaa kwenye kichwa cha barabara inayoitwa Jalan Masjid Kapitan Keling. Vipeperushi vya watalii vina jina lao: Mtaa wa Maelewano. Ukitembea bila kusimama, robo saa inatosha kukutoa kanisani, kukupitisha hekalu la Wachina na la Wahindu, ukaishia kwenye misikiti miwili. Mimi nilitumia kutwa nzima. Jina hilo la vipeperushi nililitilia shaka tangu mwanzo, maana watu hawaelewani kwa sababu tu kuta zao zinagusana. Sisi wa mwambao tunalijua hilo.

Hekalu la Kuan Yin, mungu wa kike wa huruma, lina umri sawa na mji karibu: mwaka 1800. Mwanzoni lilikuwa la Mazu, mlinzi wa mabaharia, na si ajabu, kwa kuwa waumini wenyewe walikuwa wametoka tu kushuka merikebuni kutoka kusini mwa China. Moshi wa udi ulikuwa mzito hata macho yakanichoza. Mama mmoja alishika vijiti vitatu kwa mikono miwili, akaviinua hadi kwenye paji la uso, akainama mara tatu, kisha akavichomeka majivuni na kutoa simu yake mfukoni kabla moshi haujatulia.

Mtaa wa pili tu liko hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, la mwaka 1833, mnara wake umejaa miungu iliyochongwa na kupakwa rangi zote za dunia. Ni la Watamil. Lakini siku ya Thaipusam, magari ya miungu yanapopitishwa mjini, Wachina nao hujitokeza barabarani kuvunja nazi kwa mafungu kama wenzao. Hakuna aliyewalazimisha.

Njia nzuri ya kutembea hapa ni chini ya vibaraza vya maduka. Wamalay huviita *kaki lima*, yaani futi tano, upana uliotakiwa kuachwa mbele ya kila duka ili mpita njia ajisitiri na jua na mvua. Aliyezoea baraza za Mji Mkongwe atajiona yuko kwao, ila hapa hazikaliwi: zimejaa pikipiki, mabeseni na magunia, nawe unalazimika kushuka barabarani kila hatua ishirini. Muuza chai alinisalimu, “*Apa khabar?*” Nikajibu kwa Kiswahili, “Habari nzuri,” akacheka. Tukaanza kuhesabiana: dunia ni *dunia*, sabuni ni *sabun*, karatasi ni *kertas*, askari ni *askar*. Kiarabu na bahari ya Hindi vilishatutangulia sote wawili.

Msikiti wa Kapitan Keling ulianzishwa mwaka 1801 na Waislamu wa kutoka kusini mwa India. Kapitan ni cheo: Waingereza waliziachia jamii zijiamulie mambo mengi chini ya mkuu wao, na mkuu wa Waislamu hao alikuwa Cauder Mydin Merican. Keling ni neno ambalo leo Wahindi wengi wa Malaysia wanalichukia, wakiliona tusi. Msikiti umebaki na jina lake hata hivyo.

Hao hao Waislamu wa Kihindi ndio waliouachia mji chakula chake maarufu, *nasi kandar*. *Kandar* ni mzegazega: wauzaji wa zamani walipita bandarini na mti begani, chungu cha wali upande huu, mchuzi upande ule. Leo mzegazega hauonekani tena. Kijana alinipakulia wali, akaweka samaki na bamia, kisha akauliza, “*Banjir?*” Mafuriko. Nikakubali bila kufikiri, naye akachota kwenye sufuria moja, ya pili, ya tatu, hadi wali ukazama.

Mchana nilifika Lebuh Acheh. Msikiti wa hapa ulianzishwa mwaka 1808 na Tengku Syed Hussain Al-Idrus, sharifu aliyehamia kutoka Aceh, wa asili ya Hadhramaut, kule kule walikotoka masharifu wa Lamu na Unguja. Mtaa huu uliitwa Jeddah ya pili, kwa kuwa mahujaji wa visiwa vya jirani walikuja kusubiri meli hapa, wakanunua mahitaji yao na kuagana na jamaa. Kwenye mnara kuna tundu la duara. Husemwa ni jeraha la mzinga wa mwaka 1867.

Mwaka huo ndio ulionipa jibu la shaka yangu. Mwezi Agosti mji uliwaka moto kwa siku kama kumi. Kilichonishangaza ni namna pande zilivyogawanyika. Chama cha siri cha Wachina cha Ghee Hin kilisimama na Waislamu wa Bendera Nyeupe. Mahasimu wao wa Tua Pek Kong walisimama na Waislamu wa Bendera Nyekundu. Mchina alimpiga Mchina, Mwislamu akampiga Mwislamu, na kila mmoja alikuwa na rafiki wa dini nyingine ubavuni. Walichogombea ni biashara na mitaa. Hata ndoa zilivuka mipaka ya dini: Mtaa wa Armenian, hatua chache tu kutoka msikitini, bado ipo nyumba ya Syed Alatas, tajiri wa pilipili manga, ambaye mkewe wa pili alikuwa binti wa Kichina wa ukoo wa Khoo.

Jumba la ukoo huo, Khoo Kongsi, liko nyuma ya vichochoro. La kwanza liliungua mwaka 1901, watu wakasema miungu imekasirikia fahari iliyopita kiasi. Likajengwa upya, dogo zaidi, likaisha mwaka 1906. Kama hili ndilo dogo, sijui lile lilikuwaje: paa lina majoka, mashujaa na maua ya vigae vilivyokatwa kimoja kimoja.

Alasiri ilinikuta ufukweni, kwenye magati ya koo. Ni mitaa ya mbao juu ya maji, kila gati na jina lake la ukoo: Chew, Lim, Tan, Lee. Juu ya gati la Chew bibi mmoja alikuwa anafagia mbao mlangoni kwake, taka zikidondokea kwenye nyufa hadi baharini. Gati moja nililikuta halina ukoo. Ni la watu wa majina mchanganyiko, wale ambao hawakuwa na jamaa wa kutosha kujijengea lao. Nyavu zilikuwa zimeanikwa ukingoni, na mtoto akanipita mbio na baiskeli, mbao zikalia chini yake mpaka mwisho wa gati.