Mkoromo Uliotuchekesha

Nyumba yetu ya Ilala ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta uliovitenganisha haukufika darini. Kwa hiyo sisi watoto tuliulea mkoromo wa Baba, nao ukatulea. Ulianza chini, ukapanda, ukanguruma. Kisha ghafla, kimya. Hapo tulihesabu kwa kunong'ona. Mara nyingine tulifika ishirini kabla Baba hajashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo, mithili ya mtu aliyeibuka majini, nasi tukajiziba midomo kwa shuka tusisikike tukicheka.

Mama hakucheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba katika kimya kile yeye alikuwa macho, mkono wake u kifuani pa mumewe, akingoja.

Baba alikuwa fundi kiwandani. Alisinzia ndani ya basi, alisinzia barazani gazeti likiwa mkononi, na sote tukasema ni uchovu wa kazi. Alipostaafu, kusinzia hakukupungua. Halafu akaanza kuburuza miguu, akawa mzito wa kujibu na mwepesi wa hasira. Na siku moja nilimkuta ameishika nyororo ya baiskeli, hajui aanzie wapi. Tulikokwenda kwanza kutibiwa tuliambiwa ni uzee. Alikuwa na miaka 63!

Daktari wa pili aliagiza apigwe picha ya kichwa. Alipokwisha kuitazama, alimgeukia Mama: "Mzee anakoroma?" Tulitazamana. Tumekuja kwa habari ya ubongo, naye anatuuliza habari ya koo.

Ndugu msomaji, ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia takriban sehemu moja katika tano za oksijeni yote. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, na kwa wengine njia ya hewa huziba. Pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Wenye ugonjwa mkali hukatikiwa mara 30 au zaidi kila saa. Kila mara oksijeni hushuka, mwili hugutuka, na shinikizo la damu hupanda ghafla, tena katika saa ambazo lilipaswa kutulia. Vimishipa vyembamba vipenyavyo hadi kilindini mwa ubongo huumia: kuta zake hunenepa na kukakamaa, na sehemu zilizovitegemea hukosa riziki. Katika picha ya Baba palikuwa na madoa meupe, na vishimo vidogo ambavyo ni makovu ya viharusi asivyovihisi.

Wataalamu wana hadhari, nami nawasifu kwa hilo. Maradhi haya mawili huandamana, ila huandamana pia na shinikizo la damu, unene, kisukari na umri, na si rahisi kumtenga mkosaji mmoja. Mashine ya kusukuma hewa puani, iliyotangazwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, huzuia koo lisizibe. Hata hivyo utafiti mkubwa wa mwaka 2016, uliowahusisha watu zaidi ya 2,600 waliokwisha kuugua moyo au mishipa ya ubongo, haukuona kwamba ilipunguza viharusi, ingawa ilipunguza kusinzia mchana. Lakini watu hao waliivaa, kwa wastani, saa tatu na kitu tu kwa usiku. Nusu ya dozi haimhukumu mganga.

Kwetu bei yake ilitushinda. Baba anameza vidonge vya shinikizo la damu, amepungua unene, na Mama amemshonea mpira mgongoni mwa fulana ili asilale chali. Madoa hayafutiki, miguu bado anaiburuza.

Juzi nililala kwao. Usiku wa manane kikaja kile kimya, nikajikuta nahesabu. Nilipofika saba nikasikia sauti ya Mama, tulivu kabisa:

"Baba Zuhura, geuka ubavu."