Mizani ya Damu

Lugha yetu ina desturi ya kuyapa maradhi mengi kiambishi ki-: kifafa, kichocho, kifaduro, kipindupindu. Katika safu hiyo limo jina moja ambalo asiyelijua angedhani ni la tunda: kisukari. Na la tunda ni kweli, kwani ndizi kisukari ni ile ndogo, yenye ganda jembamba, ambayo mtoto huimaliza kwa matonge mawili na kuomba nyingine.

Waganga wa kale wa Bara Hindi waliyaita maradhi haya madhumeha, yaani mkojo wa asali. Wayunani walitoa neno diabetes, lenye maana ya kupitisha, kwa jinsi maji yanavyompita mgonjwa kama yapitavyo katika mrija. Waarabu wanasema sukkari. Nalo neno sukari lenyewe ni msafiri: lilitoka katika Kisanskriti, likapita kwa Waajemi, likachukuliwa na Waarabu, hata likatia nanga katika pwani yetu. Wahindi na Waarabu walioyatazama maradhi haya waliona jambo moja: utamu uliokaa pahala si pake.

Ni mwaka wa 11 sasa nikiishi na utamu huo hapa Tunguu. Siandiki kutoa maagizo ya tiba, kwani wenye elimu hiyo wapo. Naandika kwa wenzangu wa kalamu kwa sababu naona kisukari kinamshika mtu pahala patatu, mwilini, nafsini na rohoni, na sisi wenye lugha tumeyapa majina ya mwili peke yake.

Tuanze na mwili. Mwanafunzi wa ushairi hufundishwa mizani mapema. Mstari ukizidi silabi moja, sikio linashtuka. Damu nayo ina mizani yake. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni mfano wa ufunguo unaoufungulia utamu mlango wa kuingia katika chembe za mwili uwe nguvu. Ufunguo ukikosekana, au kitasa kikiwa kigumu, utamu hubaki njiani. Figo hulemewa, huumwaga pamoja na maji, na mtu hushikwa na kiu isiyozimwa na mtungi mzima. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa kikawa vilevile, daktari hutamka jina la maradhi. Kipo na kipimo kingine, HbA1c, kinachosoma utamu uliojishika na chembe nyekundu za damu kwa muda wa miezi 2 hadi 3. Hicho nakiita mtihani wa muhula: haumfai kitu aliyedurusu usiku mmoja kabla ya kwenda kliniki.

Kwa madhara ya mwili Kiswahili hakikupungukiwa. Tuna ganzi, ya mguu usiojua kama umekanyaga mwiba. Tuna donda ndugu, na sijui kama kuna lugha iliyopata jina kali kuliko hilo: kidonda kinachohamia kwako kikakaa kama jamaa. Mgonjwa akilitamka, kila aliyepo barazani huelewa, na huinuka kumsaidia.

Nafsini mambo ni mengine. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa mvuvi, alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya maradhi haya. Watu walikwenda kwa wingi kumpa pole. Walimuuliza habari za kidonda, za gongo, za dawa. Siku moja tulipobaki wawili aliniambia: "Mwalimu, mguu nimeshauzika. Fikra ndiyo inayotembea usiku kucha." Nilitafuta neno la kumjibu, nikaona mikono yangu mitupu, mimi niliyesomesha lugha umri wangu wote.

Madaktari wanalo neno sonona, la huzuni iliyogeuka maradhi, na utafiti umeonesha kwa miaka mingi kuwa sonona huwapata wenye kisukari takriban mara mbili kuliko wasio nacho. Lakini ni wangapi kati yetu tumelisikia neno hilo likitamkwa jikoni au msikitini? Tunasema "amekuwa mkali siku hizi", "anajitenga", "ana makuu". Ubongo hutegemea sukari ya damu kwa kazi yake. Ikishuka chini ya milimoli 3.9, mtu huweza kutoka jasho, kutetemeka, kuropokwa na kughadhibika bila sababu. Kinachohitajika hapo ni kitu kitamu upesi, naye hupewa nasaha ya subira.

Kuna na uchovu wa kila siku usiokuwa na jina kabisa. Ni uchovu wa kuhesabu. Kwetu Unguja ukarimu hupitia kinywani. Nikienda hitimani naletewa sahani, nikienda maulidini naletewa haluwa na kahawa, nikimzuru ndugu yangu chai inakuja imeshatiwa sukari, tena nyingi, kwa kuwa mimi ni mgeni wa heshima. Kila "ahsante, inatosha" humtia mwenyeji shaka kwamba chakula chake kimedharauliwa. Ukieleza sababu, hujibiwa "kidogo tu hakina neno", na nyumba ya tatu hicho kidogo kimekuwa kingi. Mtu huchoka, akaona bora asitoke. Hivyo maradhi yaliyoanza katika kongosho humpunguzia mtu jamaa zake.

La tatu ni la roho, na hapa naandika kwa adabu. Mwenye kuamini akipatwa hujiuliza kama ni mtihani au ni adhabu, na swali hilo hulala naye kitandani. Ramadhani ikiingia, swali huongezeka uzito. Kitabu kimemruhusu mgonjwa asifunge. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imetaja kulipa siku nyingine, na imetaja fidia ya kumlisha masikini. Masheikh na madaktari wameshakaa pamoja juu ya jambo hili: mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na jumuiya ya DAR, ukapitiwa upya mwaka 2021, unaeleza nani ana hatari kubwa na nani ndogo, unasema kutoboa kidole kupima damu hakuharibu funga, na unamtaka mfungaji afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9.

Ruhusa basi ipo. Kuipokea ndiko kuzito. Nimewaona wazee wakila mchana kwa kujificha nyuma ya mlango, kama wezi, kwa jambo waliloruhusiwa na Mola wao. Nimewaona na wengine wakifunga kwa kuogopa macho ya jirani, jasho likiwatoka kabla ya alasiri. Roho ya mtu huyo inaumwa, na dawa yake haiuzwi duka la dawa. Dawa yake ni mtu wa pili kumwambia kwamba kuikubali rehema ni ibada pia, na kwamba sahani anayompelekea masikini wakati wa futari imembeba na yeye ndani ya mwezi.

Washairi wa pwani tumeutumia utamu kwa mapenzi karne nyingi. Mpenzi ni asali, ni haluwa, ni sukari ya moyo. Sidai tuache. Nadai tuongeze: tumtungie na yule ambaye utamu umemgeukia. Uchovu wa kuhesabu upate jina. Sonona itoke kliniki iingie katika beti, watu wailizoee kuitamka. Kwa kuanzia, huu ni ubeti wangu, niliomtungia yule mvuvi:

Utamu umenipima, kwa mizani ya damuni,
Si njaa wala si homa, ni uchovu wa moyoni,
Ruhusa yake Rahima, naishika kwa imani,
Nipe neno la huruma, nalo ni dawa mwendani.

Nilimsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mstari wa pili ndio wake, nao huwa anamsomea mkewe anapomuuliza mbona halali. Walio na mkono mwepesi kuliko wangu waendeleze. Beti moja haitoshi kwa maradhi yenye pande tatu.