Mkonge, kutu na kamera: wikiendi ya wawili Tanga

Kwa wengi wetu wikiendi ya wawili maana yake ni ufukwe, samaki wa kuchoma na picha ya jua likizama. Safari hii mimi na mchumba wangu tuliamua kwenda kupiga picha kiwanda cha mkonge kilichokufa. Kusema kweli niliamua mimi. Mwenzangu alikuwa anaitaka Pangani.

Ukishapita Segera kuelekea Tanga mjini, mkonge unakufuata kwa mistari kama umechorwa kwa rula. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hiyo 62 nchi ikaja kuongoza duniani, karibu tani 230,000 mwaka 1964. Baadaye kamba za plastiki zikashika soko, bei ikaanguka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye kama tani 20,000. Mashamba kadhaa bado yanafanya kazi. Mengine yamebaki mabati na popo.

Msidhani jengo likifa halina mwenyewe. Tulianza ofisini kwa wenye shamba, tukapewa ruhusa na mlinzi wa kutusindikiza. Vaeni viatu vigumu, msipande ngazi iliyoliwa na kutu, na mkiona paa la zamani lililopasuka msichokonoe vumbi lake, huenda ni asbesto.

Siku ya kwanza nilipiga picha 140 kwa saa moja, saa saba mchana, jua la utosi. Usiku gesti tukazitazama. Kutu, ukuta, kutu, dirisha, kutu. Mchumba akauliza, “Sasa hii ni picha ya nini?” Nikajibu vibaya. Tukalala tumenuniana.

Asubuhi tulirudi saa moja, hatusemeshani sana. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa anatusubiri.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Jana mliingilia nyuma. Pale ndipo mzigo ulipokuwa unatokea.”

Kumbe alifanya kazi humo toka ujana wake. Akatupeleka mbele, kwenye reli nyembamba zilizoleta majani kwa matroli, halafu kwenye korona yenyewe, mashine iliyosaga jani hadi zibaki singa. Jina hilo Tanga ndiyo jina la kiwanda kizima. Kwenye kila kilo 100 za majani, alisema, unapata kilo kama nne tu za singa. Nyingine yote ni maji na nyama ya jani, ndiyo maana mtaro ule ni mpana vile. Kutoka hapo singa zilikwenda kuanikwa juani kwenye waya, zikarudi kwenye brashi, mwisho zikafungwa marobota ya kilo 250.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nakusanya vitu vilivyochakaa, wakati jengo lenyewe lina mwelekeo. Nikapiga magoti kwenye reli, nikaiacha ianzie kona ya chini kushoto ya fremu na kuingia ndani hadi kwenye korona, niliyoiweka theluthi ya kulia badala ya katikati. Nikasogea hatua mbili ili nguzo isiiguse mashine. Nikakagua kingo nne za picha kabla ya kubonyeza: chupa ya maji, nje. Mkoba wa mchumba, nje. (Alicheka, afadhali.) Mwanga wa saa mbili ulikuwa unapenya paa lililotoboka kwa mistari, nikapima mwanga huo na kuacha giza libaki giza. Kwa simu unagusa pale palipong'aa, basi. Saa tatu nzima nilipiga picha 19.

Kwenye ukumbi wa brashi mzee alisimama mlangoni. Mkewe, marehemu sasa, alifanya kazi humo, kwenye vumbi la singa kutwa, kitambaa puani. “Mnaweza kupiga pawe kama hapajavunjika?” aliuliza.

Swali hilo lilinikwama. Kwangu mimi uzuri wote ulikuwa kwenye kuvunjika: mti ulioota sakafuni, ukuta uliomenyuka. Mchumba ndiye aliyenishika bega na kunigeuza. Kutoka kona ya pili mti ulijificha nyuma ya nguzo, na kilichobaki kwenye fremu ni safu ya madirisha, sakafu tupu iliyolambwa na mwanga, na mzee akiwa mdogo mlangoni kiasi kwamba unauona urefu wa ukumbi. Sikumwambia acheke wala asicheke. Nilisubiri tu mpaka akasahau kamera.

Mchana tulikwenda Pangani, kama ilivyokuwa haki yake. Sikupiga picha hata moja.

Wiki mbili baadaye tukasafisha ile ya ukumbini, saizi kubwa, tukaituma kwa dereva wa basi. Mzee alinipigia jioni. Aliitazama sana, alisema, na ameonyesha wajukuu dirisha la tatu, pale bibi yao alipokuwa anasimama. Halafu akauliza kama kuna nyingine ya upande wa korona, maana pale ndipo alipokuwa yeye.

Ninayo. Tunaipeleka wenyewe mwezi ujao.