Namba ya Shauri Iko Wapi?

Dada yangu alinipigia saa kumi na moja alfajiri ya hapa Houston. Kwao Tanga ilikuwa saa saba mchana na jua linawaka. Niliitikia nikiwa nusu macho.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Namba ya shauri la mirathi ya baba unayo?"

Alikuwa amesimama kwenye dirisha la masijala ya mahakama ya mwanzo, foleni nyuma yake. Karani alikuwa amemwuliza swali hilo moja tu, naye hakuwa na jibu. Ofisi ya ardhi ilitaka nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi, ile fomu namba 4, ndipo kiwanja cha marehemu kianze kushughulikiwa. Fomu halisi ilipotelea kwenye kuhama nyumba. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi, anakumbuka mwaka ni 2003 na hakimu alikuwa mfupi. Basi.

Mwezi huohuo na mimi nilikuwa mahakamani kwa njia yangu. Nilikuwa nadai amana ya nyumba niliyohama. Ndiyo maana nimeona niandike haya: sijawahi kuziona nchi zangu mbili zikiwa zimekaa jirani hivyo, moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta.

Nianze na huku. Sheria ya Texas inampa mwenye nyumba siku 30 tangu uhame akurudishie amana, mradi umempa anwani yako mpya kwa maandishi. Hilo la maandishi ndilo linalowanasa wengi wetu, maana sisi anwani tunaiacha kwa mdomo mlangoni, tukiagana na funguo. Mimi nilinaswa pia, ikabidi niandike barua na kuanza kuhesabu siku upya. Siku zilipopita kimya, nikafungua madai katika mahakama ya Justice of the Peace, ambayo watu wa huku wanaiita JP kwa mkato. Hii ndiyo mahakama ya madai madogo. Mwisho wake ni dola 20,000. Kufungua ni dola 54, na anayempelekea mdaiwa wito, yaani konstebo, analipwa mbali. Mdaiwa akishapokea wito ana siku 14 za kujibu.

Msidhani ni kubofya tu mambo yakaisha. Kaunti ya Harris ina mahakama za JP 16, mbili katika kila eneo kati ya maeneo manane, na kesi ya amana unaifungua kule nyumba iliko, si kule unakoishi sasa. Mara ya kwanza nilikosea eneo. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: jina. Getini kwetu palikuwa na bango lenye jina zuri la miti na mto, na mkataba nao ulikuwa na jina hilohilo. Lakini bango halishtakiwi. Aliyetajwa kuwa mmiliki, nilipoandika anwani ya jengo kwenye tovuti ya ofisi ya kaunti inayothamini mali kwa ajili ya kodi, alikuwa kampuni yenye herufi tatu na tarakimu, haina hata harufu ya mto. Utafutaji huo haugharimu hata senti, wala huulizwi wewe ni nani. Jimbo nalo linamtaka kila mwenye kampuni asajili mtu wa kupokea nyaraka za mahakama kwa niaba yake, kwa hiyo konstebo anajua pa kugonga.

Nilipopata jina halisi, nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Nikaliandika kwenye ukurasa wa kutafuta kesi za JP nione kama nimetanguliwa na wengine. Kesi zikamwagika. Karibu zote kampuni ndiyo ilikuwa mdai, na wadaiwa walikuwa wapangaji, kesi za kuwatoa kwenye nyumba. Nikaanza kuyatambua majina. Yule fundi wa ghorofa ya pili. Yule mama wa Kikongo aliyekuwa anatuuzia maandazi Jumamosi, ambaye watoto wake tulikuwa tukiwapeleka shule pamoja. Kesi yake ilikuwa imefutwa. Bila shaka alilipa. Tarehe ilikuwa ya mwezi uleule aliotuambia anamwuguza mdogo wake Dallas, ndiyo maana hapiki.

Nikafunga ukurasa, lakini nilikuwa nimeshasoma.

Tunapenda kusifu uwazi wa huku, nami nausifu. Bila huo ningekuwa bado naliandikia barua bango. Ila uwazi huo hauchagui. Kuna kampuni ambazo kazi yake ni kukusanya kumbukumbu hizo na kuwauzia wenye nyumba, na sheria ya shirikisho inaziruhusu kuonyesha kesi ya madai hadi miaka 7. Kesi iliyofutwa nayo imo. Anayesoma haraka haoni "imefutwa", anaona jina.

Sasa turudi dirishani.

Karani wa masijala alikuwa mtu mzima, na dada anajua kuongea na watu. "Mzee wangu, namba sina, lakini jina la marehemu ninalo, na mwaka ninao." Mzee akamwuliza: yeye ni nani wa marehemu? Binti wa kwanza. Mama yenu ni yupi? Msimamizi ni nani? Mnaishi wapi siku hizi? Zamani maswali haya nikiyasikia nilikuwa nayaita urasimu. Siku ile, nikiwa bado na aibu ya kusoma mambo ya jirani yangu, nilitamani ukurasa wa JP nao ungeniuliza swali moja: yule mama ni nani wako?

Akaingia ndani, akatoka na rejista. Dada alinielezea vizuri mpaka nikaiona: daftari pana la jalada gumu, mgongo umeshikwa kwa kitambaa, safu zimepigwa kwa rula na kujazwa kwa wino wa bluu. Namba, tarehe, jina la marehemu, jina la mwombaji, uamuzi. Hakuna mpangilio wa alfabeti. Mashauri yanafuatana kwa siku yalivyoingia. Kumtafuta mtu kwa jina maana yake ni kushusha kidole mstari kwa mstari, mwaka mzima. Wakashusha vidole wote wawili, mzee ukurasa wa kushoto, dada wa kulia. Ilikuwa Agosti. Namba ikapatikana.

Hapa ndipo ninapoona wengi wetu tulio nje tunakosea tunapopiga simu nyumbani na kufoka kwamba "huko hakuna kumbukumbu". Kumbukumbu zipo. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikia kwa jina. Mahakama inamjua marehemu kwa namba na mwaka; familia inamjua kwa jina na kwa mvua za mwaka ule. Katikati yao yuko mzee mmoja na kidole chake, na akistaafu anaondoka nacho.

Kwa mashauri ya sasa mambo yamebadilika sana. Yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, ada inalipwa kwa kontrol namba kutoka kwenye simu, na Dar es Salaam tangu 2021 mirathi na ndoa zina kituo chake jumuishi pale Temeke. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu unazisoma bure TanzLII ukiwa popote. Lakini mirathi ya mtu wa kawaida iliyopita mahakama ya mwanzo mwaka 2003 usiitafute huko. Hiyo iko kwenye jalada la karatasi.

Nalo jalada halikuwapo kwenye rafu. Pembeni ya mstari wa marehemu baba kulikuwa na maneno kwa wino mwekundu: jalada limepelekwa Mahakama ya Wilaya, rufaa.

"Rufaa gani?" dada akauliza.

Mzee akamtazama tu.

Shangazi ndiye aliyekata rufaa. Alimpinga kaka yake, huyu baba mdogo, ndani ya zile siku 30 zinazoruhusiwa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya. Sisi watoto hatukuwahi kuambiwa. Tulikumbuka tu mwaka mmoja shangazi hakuja Idi, tukaambiwa miguu inamsumbua.

Dada akaenda wilayani, na huko shauri lina namba nyingine kabisa, ya rufaa. Angekwenda bila yale maandishi mekundu angeambiwa halipo, na angeamini. Ilimchukua safari tatu. Majalada yote mawili yalikuwa yamefungwa pamoja kwa uzi, yamekaa humo tangu shangazi alipoondoa rufaa yake. Hakuna aliyekumbuka kulirudisha la mwanzo kwao.

Akapewa nafasi ya kulipitia mbele ya karani. Mwenendo wote umeandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, kama mahakama za mwanzo zilivyofanya siku zote. Hili tusilichukulie kirahisi. Mimi na digrii yangu niliusoma wito wa JP mara tatu, Kiingereza chake kimekunjana kama kamba ya ndoo, lakini mama yangu aliyeishia darasa la nne alisimama pale mwaka 2003 na kulielewa kila neno lililosemwa juu ya mumewe. Ndani kulikuwa na fomu namba 1 ya maombi, nakala ya cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha familia. Chini ya muhtasari, sahihi tisa na dole gumba moja. Dole la bibi. Dada alisema mistari yake inaonekana hadi leo, na kuna mahali wino umeteleza kidogo kushoto, kana kwamba aliondoa mkono kabla hajaambiwa.

Fomu namba 5 haikuwamo. Hiyo ndiyo orodha ya mali na madeni ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Kwa hiyo mbele ya mahakama mirathi ya baba haijafungwa, ingawa sisi kila kitu tulishagawana kwenye mkeka. Baba mdogo alipoambiwa akakasirika. "Mnanifanya mwizi?" Hakuna aliyemfanya mwizi. Ameambiwa tu ajaze karatasi ambayo nyumba nyingi ninazozijua hazijawahi kuijaza.

Rafiki yangu Mkenya, tulipokuwa tukilizungumza hili, alicheka. Kwao maombi ya mirathi hutangazwa kwenye Gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Jina la marehemu likishachapwa humo, mtoto wake anaweza kulitafuta akiwa kitandani. Nilimwonea wivu, sikatai. Tena mpango huo nauona kuwa wa kati na wa haki: jina, mahakama na namba viwe hadharani, ugomvi wa ndani ubaki ndani ya jalada kwa wanaohusika. Rejista za mahakama za mwanzo zingepigwa picha na kupangwa kwa majina, safu zile za kwanza tu, watu wangeokoa nauli nyingi. Si lazima wino mwekundu uende mtandaoni.

Mpaka hapo, aliye na mzazi aliyefariki afungue simu leo. Andika namba ya shauri, mwaka, na jina la mahakama, na kama kulikuwa na rufaa, namba ya rufaa pia. Kama mgogoro ulikuwa wa ardhi, jueni unaweza kuwa haukwenda mahakamani kabisa, bali Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina masijala yake. Kuna watu wamezunguka miezi kwenye mlango usio wao.

Kesi yangu haikufika kusikilizwa. Kampuni ilipopata wito ililipa, nami nikaomba madai yaondolewe. Nilidhani yameisha. Miezi michache baadaye nilikuwa naomba nyumba nyingine, na binti wa ofisini akageuza skrini yake kidogo, akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nilimshtaki mwenye nyumba aliyepita. Nilikuwa mdai, nilikuwa na haki, nililipwa. Nikajikuta najieleza kama mtuhumiwa. Nyumba sikupata, sijui kama ni kwa hilo.

Alfajiri iliyofuata nikampigia dada. Alikuwa bado wilayani siku hiyo, anasubiri mhuri. Akanong'ona: fomu namba 4 tayari, sasa je, nitoe na nakala ya jalada la shangazi?

"Kurasa ngapi?"

"Kumi na sita."

Nikamwambia aliache hukohuko, ila namba yake aiandike.